Orutu ya Mzee Isipotee

Usiku wa matanga huko Kisumu Ndogo, Kibera, turubai likiwa limefungwa kati ya nyumba mbili na balbu moja ikining'inia juu ya meza ya mchango, mpiga orutu hukatizwa mara nyingi kuliko anavyomaliza wimbo. Mtu huinuka na noti mkononi. Uta unasimama, ngoma za ohangla zinashuka. Aliyeinuka anajitaja: mimi ni mjukuu wa fulani, natoka ng'ambo ile ya mto, babu yangu hakuogopa giza, na huyu tunayemlilia ndiye aliyenipokea nilipoteremka kwenye basi nikiwa sijui Nairobi ni nini. Watu wanamshangilia, noti inaanguka kwenye sahani, uta unarudi palepale ulipoachia. Wajaluo huita jambo hilo pakruok, yaani kujisifu na kuwasifu walio wako. Mtu akijisifu juu ya wimbo, tangu usiku huo wimbo una habari zake ndani.

Ukirekodi sauti ya orutu peke yake umebeba sufuria ukaacha chakula.

Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mzee mmoja jirani yetu, chumba chake kikitazama reli, nyimbo kumi na moja kwa jioni moja. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikazihifadhi kwa nambari, wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Tulipokuwa tunachanga pesa za kumsafirisha ushago, mjane wake aliniita kando akaniomba nimwekee ule wa mama yake. Sikujua ni upi. Nilikaa naye kwenye benchi nikamwekea mmoja baada ya mwingine kwenye simu, na ulipofika wa saba akanishika mkono. Huo mmoja nikaujua. Kumi zilizobaki mpaka leo hazina mwenyewe.

Kwa hiyo haya yafuatayo ni kwa kijana wa Kibera au Kawangware mwenye simu, na mzee mtaani mwake ambaye bado ana orutu imening'inia ukutani.

Orutu ni zeze la uzi mmoja. Ina bakuli la mti uliochongwa ndani na kuwambwa ngozi, ya kenge au ya mbuzi, na kijiti kirefu kinachopenya humo na kushikilia uzi. Zamani uzi ulikuwa wa katani. Siku hizi wengi hutumia waya mwembamba. Husuguliwa kwa uta, na vidole vya mkono wa kushoto hugusa uzi bila kuwa na alama yoyote ya kuonyesha sauti ilipo. Sauti ilipo anaijua mpigaji, na aliyemfundisha. Waluhya wana yao, siiriri, na ukitembea Kawangware, upande wa Gatina au Congo, utawapata wazee wanaoijua. Wakikuyu walikuwa na wandindi. Waganda wana endingidi na Wagogo wa Dodoma wana zeze. Nitasema orutu kwa sababu ndiyo niliyokulia nayo, lakini mbinu ni ileile kwa zote.

Usianze kwa kumtafuta fundi mkubwa kuliko wote. Fundi mkubwa huwa ameshazoea jukwaa, na jukwaa humfundisha mtu kupiga zile nyimbo sita ambazo kila mgeni hupenda. Mtafute anayekumbuka. Mara nyingi atakuwa mzee ambaye vidole vimeanza kuwa vizito na ambaye haitwi tena kwenye sherehe. Na njia ya kumpata hupitia kwa akina mama. Waliocheza ndio wanaokumbuka wimbo ulipigwa arusi ya nani, mvua ilinyesha au haikunyesha, na nani alikimbia na nani usiku ule. Waulize wanaouza omena sokoni, waulize wa kikundi cha akiba, waulize kanisani baada ya ibada. Vivyo hivyo, ukiwa Makina kwa Wanubi, ukitaka habari za dholuka usiende barazani kwa wanaume. Nenda kwa nyanya wanaoimba na kupiga ngoma arusini.

Siku ya kwanza simu ikae mfukoni. Nenda na sukari, majani ya chai na mkate, kama unavyomwendea mzee yeyote. Kama yeye ni Mjaluo mwite jaduong', hata kama Dholuo chako kinaishia hapo, na mkewe mwite kwa jina la mtoto wake wa kwanza, min fulani. Kwa Mluhya, kuka. Keti unapoonyeshwa. Mwambie wewe ni mtoto wa nani kabla ya kumwambia unataka nini, kwa maana naye atataka kukuweka mahali kwenye ramani ya watu wake kabla hajakupa kitu. Mzee mmoja wa Gatwekera alitumia saa nzima kutafuta kama anamjua babu yangu, na alipompata, orutu ilishuka ukutani bila mimi kuiomba.

Muache aseme lugha anayoota nayo. Ukiwa huielewi, nenda na mtu anayeielewa, ikiwezekana mjukuu wake. Usimkatize kila sentensi ili utafsiriwe. Rekodi nzima, tafsiri mtaifanya baadaye mkiwa wawili na kalamu.

Sasa maswali. Kosa la wengi ni kuuliza, huu wimbo unaitwaje na maana yake ni nini. Jina huenda halipo, na maana utakayopewa itakuwa ya kukuridhisha: unafundisha upendo, unafundisha umoja. Uliza matatu. La kwanza: uliupata kwa nani? La pili: mara ya kwanza kuusikia ulikuwa wapi, na kulikuwa na nini siku hiyo? La tatu: ukiupiga leo, nani anakujia akilini?

Swali la kwanza nimejifunza kulithamini kutoka mbali. Waairishi ni watu waliohama kwao kwa njaa na kutafuta kazi, wakajazana katika miji ya Marekani, na nyimbo zao za fidla wakazibeba kichwani. Huko Chicago kulikuwa na mhamiaji aitwaye Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork mwaka 1848, aliyepanda cheo mpaka akawa mkuu wa polisi wa jiji kuanzia 1901 hadi 1905. Aliziokota nyimbo kwa wahamiaji wenzake, kila mmoja na kaunti yake. Yeye hakujua kuandika muziki. Alikuwa akizikariri, kisha anampigia polisi mwenzake, James O'Neill, ambaye alikuwa akiandika. Kitabu chao cha 1903 kilikuwa na nyimbo 1,850. Nyimbo nyingi za Waairishi zina jina la mtu au la kijiji, na mpaka leo wapigaji wao wakikutana huulizana umeupata kwa nani. Jibu ni nusu ya wimbo. Nikiangalia hapa kwetu, mtu wa Siaya amekaa ukuta kwa ukuta na mtu wa Homa Bay, wa Gem na wa Karachuonyo wanachota maji bomba moja. Kibera kuna nyimbo zilizokutana ambazo ushago zisingekutana kamwe. Anayetaka kuziokota hahitaji nauli.

Swali la pili hufungua mlango wa mahali. Usishangae ukiulizia wimbo ukapewa habari za nyumba. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nimemsikia mzee akieleza wimbo kwa kutaja kibanda cha chai, mti, na mlango wa bluu, vyote havipo tena. Mwache ataje. Kisha, akiweza kutembea, mwombe mwende naye mpaka pale, simu ikiwa inarekodi. Miguu hukumbuka mambo ambayo kiti hakikumbushi.

Swali la tatu liulize mwisho, polepole, ukiuliza mara moja tu. Wapo atakaowataja waliokufa vibaya, na mtaani kwetu ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, haziko mbali. Mzee akinyamaza, nyamaza naye. Akikuambia zima, zima, na umwonyeshe skrini aone imezimwa. Kuna rekodi moja niliyoombwa niifute nikaifuta mbele ya mwenyewe, na sijajuta.

Tuje kwenye simu. Adui wa kwanza wa orutu katika rekodi ni mabati. Mvua ikinyesha hutasikia kitu, kwa hiyo msimu wa masika panga siku mbili ukitegemea moja. Adui wa pili ni spika: Jumamosi kuna makanisa ya Sabato, Jumapili ni makanisa mengine yote, na jioni ni baa na televisheni za jirani. Mimi huenda siku ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, mwendo wa saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Waambie majirani mapema. Jirani aliyeambiwa hupunguza redio. Asiyeambiwa huiongeza. Treni ikipita iache ipite ndani ya rekodi. Ni sauti ya hapa, na atakayesikiliza baada ya miaka hamsini ataifurahia.

Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Usiiweke mezani, kwa sababu kila mguu unaogonga sakafu utaingia kupitia mbao. Ikunjie leso mara nne juu ya stuli, ndipo uiweke. Iwe kama hatua moja na nusu kutoka kwa mzee, ikitazama katikati ya mdomo wake na orutu, maana orutu hufuata sauti ya mwimbaji kama kivuli na ukikaribia chombo sana utapoteza maneno. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi uzime kile kipengele cha kupunguza kelele. Simu nyingi hudhani mlio wa uta ni kelele ya upepo na kuukwangua. Chagua ubora wa juu kabisa. Kama programu ina WAV, chukua hiyo. Dakika moja ya WAV ya upande mmoja ni kama megabaiti 5, saa nzima ni kama 320. Futa video za vichekesho upate nafasi.

Kama kuna ngoma na ule mduara wa chuma wa ongeng'o, rekodi mara mbili: mara moja wote pamoja, mara ya pili mzee peke yake. Ya kwanza ni ya kufurahia, ya pili ni ya kujifunzia.

Usimwambie apandishe au ashushe sauti ya uzi ifanane na piano ya kwenye simu. Anakaza uzi mpaka ukubaliane na koo lake la siku hiyo. Ngozi nayo ina tabia zake: baridi na unyevu huilegeza sauti ikawa butu, joto huikaza. Akiisogeza orutu karibu na jiko kabla ya kuanza, subiri. Anafanya kazi.

Na watu wakiingia, wakaanza pakruok, usizime. Hapo ndipo penye mali. Vijana wengi huikata baadaye wakisema wanausafisha wimbo. Tafadhali msisafishe. Majina yatakayotajwa hapo, ya mababu, ya milima, ya wapenzi wa zamani, huenda hayajaandikwa popote pengine. Ila uwe na noti mfukoni, kwa sababu zamu yako ya kujisifu itafika, na mtu aliyekuja kuchukua bila kuweka kitu kwenye sahani hatakaribishwa mara ya pili.

Ukifika nyumbani, jioni hiyohiyo, kabla ya kula, ipe faili jina. Siyo nambari. Anza na mwaka, mwezi na siku, halafu mtaa, halafu mpigaji, halafu aliupata kwa nani. Kisha sema kwa mdomo wako mwishoni mwa rekodi, au uandike kwenye daftari, yale majibu matatu. Kazi hii huchukua dakika kumi. Thamani yake iliniingia nilipojifunza habari za Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1950 na mashine ya kurekodi na kuwarekodi Wakipsigis, miongoni mwa wengine. Rekodi zake zilikwenda kukaa katika maktaba moja Afrika Kusini. Miaka zaidi ya 60 baadaye, watu wa maktaba ile wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha vijijini, na wazee wakasikia tena sauti za ujana wao. Iliwezekana kwa kuwa Tracey alikuwa ameandika mahali na majina. Ketebul, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, imekuwa tangu 2011 ikiendesha mradi wa Singing Wells wa kurekodi muziki wa jadi Afrika Mashariki. Sikiliza kazi zao kabla hujaenda kwa mzee, sikio lako lizoee.

Weka nakala tatu. Moja kwenye simu, moja kwenye flashi ndani ya mkebe uliofungwa vizuri na kuwekwa nyumba nyingine, kwa sababu mtaani kwetu moto huruka kutoka chumba hadi chumba. Ya tatu iwe kwenye hifadhi ya intaneti. Nakala ya familia ya mzee ni ya nne, na hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama ujumbe wa sauti, la sivyo itabanwa na kupoteza mlio wa juu.

Ruhusa iombwe kwa uwazi na kwa lugha ya mzee. Mweleze tofauti ya kumwekea mjukuu wake wimbo, kuupeleka redioni, na kuutupa mtandaoni ambako hataweza kuurudisha. Ayakubali moja moja. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, nayo inaitambua jamii kuwa mwenye mali na kutaka ridhaa yake kwanza. Kama kutatokea pesa, mgao ukubaliwe kabla hazijatokea.

Jambo moja zaidi kuhusu kurekodi, nalo naliona kubwa. Usitosheke na mpigaji mmoja. Miaka ya 1920, Mwairishi Michael Coleman, mtu wa Sligo aliyehamia New York, alitoa santuri zilizorudi kwao zikapendwa mno. Alikuwa bingwa kweli. Lakini vijijini wengi waliacha mapigo ya baba zao wakafuata ya kwenye santuri. Rekodi moja nzuri inaweza kuua njia kumi za kupiga wimbo uleule. Ukiwa umeupata wimbo kwa mzee wa Laini Saba, utafute tena kwa mzee wa Soweto, hapahapa Kibera. Njia zao zikitofautiana usiulize ipi ni sahihi. Ziweke zote mbili.

Na ukitaka kuipiga mwenyewe, basi wiki mbili za kwanza mkono wa kushoto usiguse uzi. Piga uta tu, uzi mtupu, ukifuata ngoma katika rekodi uliyonayo. Orutu iko kwenye mkono wa uta. Vidole huja baadaye na kupata njia imeshafunguliwa. Kisha imba wimbo mpaka uweze kuuimba ukifua nguo bila kufikiri, ndipo uutafute kwenye uzi. Ukikwama usirudi kwenye simu. Rudi kwa mzee. Atashika kidole chako akisogeze upana wa punje ya mchele, na hutasahau. Kwa muda mrefu orutu ilihesabiwa kuwa ya wanaume, lakini Labdi Ommes, mwimbaji Mkenya, anaipiga jukwaani mbele ya kila mtu, kwa hiyo msichana asiambiwe si yake.

Siku utakapoupiga mbele za watu, kabla ya uta kugusa uzi, mtaje uliyeupata kwake na yule aliyempa yeye.

Kufikia sasa unamfikiria mtu fulani, na pengine unajua hata rangi ya mlango wake. Nenda wiki hii, na mkate. Nambari za simu ulizonazo za wazee hupungua kila baada ya matanga.